Sikio Linalolishwa kutoka Nje

Na Karani wa Parokia

MWAKA juzi, Jumatatu moja asubuhi, alikuja ofisini kwetu mama mmoja wa kigango cha mbali, amemshika mkono mtoto wake wa kiume wa miaka minne. Alitaka cheti cha ubatizo cha mtoto huyo, apate kumwandikisha katika darasa la awali. Nikafungua kitabu, nikaanza kuandika. Mtoto alisimama kimya akiitazama kalamu yangu. Nyuma ya sikio lake la kulia palikuwa na chombo kidogo kilichopinda kama ndizi changa. Kutoka katika chombo hicho waya mwembamba ulikwenda mpaka kwenye kisahani cha mviringo, kadiri ya sarafu kubwa, kilichojishika juu ya nywele zake pasipo kamba wala gundi.

Mama akanieleza habari yake. Mtoto alizaliwa kiziwi. Alipotimiza miaka mitatu alipasuliwa katika hospitali kubwa, akawekewa chombo kingine ndani, chini ya ngozi ya kichwa, nyuma ya sikio. Fedha zilichangwa na ukoo mzima pamoja na wafadhili. Tangu hapo alianza kugeuka akiitwa, na alikwisha kujua kusema "mama", "maji" na "kuku".

"Sasa, Mwalimu," akasema, maana watu wa kwetu huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu, "watoto wenzake wanamvuta kisahani hiki. Jana kilianguka matopeni. Kikipotea sina cha kununulia kingine. Nifanyeje?"

Hapo ndipo nilipokosa. Nilijibu upesi kama mtu ajuaye. Nikamwambia: "Mama, kitu cha thamani kimekwisha kuwekwa kichwani, na hakuna awezaye kukiiba huko. Hiki cha nje kifungie sandukuni. Mvalishe siku za kwenda hospitali, basi." Yule mama akanishukuru sana, akaenda zake.

Ilipita kama miezi minne. Siku moja mwalimu wa darasa la awali alinikuta barabarani, akaniambia: "Yule mtoto uliyemwandikia cheti hasikii hata kidogo. Nikimwita hageuki. Tena yale maneno machache aliyokuja nayo yanampotea. Nimemweka nyuma, maana sina la kumfanyia." Neno hilo lilinichoma. Nilipotumwa mjini kwa kazi za parokia, nilikwenda hospitali nikamwona bibi mmoja mtaalamu wa masikio, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu:

"Mwalimu, chombo cha ndani kinapata wapi umeme wake?"

Nikasema, "Nadhani kina betri."

Akatikisa kichwa. "Hakina betri hata moja. Hulishwa kutoka nje, kila dakika. Ulipomwambia mama akifungie kile kisahani sandukuni, ulimfungia mtoto masikio."

Ndugu wasomaji, nimeona haya kuyaandika haya, lakini nimeyaandika ili kosa langu lisirudiwe katika nyumba nyingine. Kuuliza si ujinga. Ujinga wangu ulikuwa kutouliza.

SIKIO NA KAZI YAKE

Kwanza tukumbuke jinsi Mungu alivyoliumba sikio. Sikio la nje hukusanya sauti. Sikio la kati lina kiwambo kama cha ngoma, pamoja na vifupa vitatu vidogo mno vinavyotikisika. Sikio la ndani lina mfereji uliojipinda kama gamba la konokono, nao umejaa majimaji. Ndani yake zimepangwa chembe hai zipatazo 15,000, zenye vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Sauti ikiyatikisa yale majimaji, vinyweleo hupinda kama nyasi katika upepo, na chembe hizo huuamsha mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo.

Kwa watoto wengi wazaliwao viziwi mshipa huo ni mzima. Zilizoharibika au kukosekana ni zile chembe zenye vinyweleo, nazo zikifa hazizaliwi tena. Mtu wa namna hii hata ukimpigia kelele hasikii, maana mlinda mlango amekufa, ijapokuwa mwenye nyumba yu hai ndani.

Basi waganga wakafikiri: je, hatuwezi kuuamsha mshipa wenyewe kwa umeme mdogo? Huingiza katika ule mfereji wa konokono uzi laini wenye vituo vidogo vya madini, kati ya 12 na 22 kwa kadiri ya aina ya chombo. Kila kituo huamsha sehemu yake ya mshipa. Vituo vya mlangoni huleta sauti nyembamba kama ya filimbi, na vya ndani zaidi huleta sauti nene kama ya ngoma kubwa.

Kuuingiza uzi huo pasipo kuuvunja mfereji kulikuwa kazi ngumu. Profesa Graeme Clark wa Melbourne, Australia, ambaye baba yake alikuwa na shida ya kusikia, aliwaza sana jambo hili. Mwaka 1977, akiwa ufukoni, aliokota gamba la konokono wa baharini akajaribu kupenyeza majani ya nyasi ndani yake. Akaona kwamba jani lililo laini nchani na gumu kidogo shinani huingia likizunguka vizuri. Agosti 1, 1978 alimpasua mgonjwa wake wa kwanza, mtu mzima aliyekuwa amepoteza usikivu, naye akaweza kutambua sauti na maneno.

KWA NINI WASIPITISHE WAYA?

Lakini umeme wa kuviamsha vituo vile utatoka wapi? Mtu aweza kusema: toboa ngozi, pitisha waya, funga betri nje. Ni rahisi kusema. Walakini sisi tulimao twajua ngozi ni nini. Mwiba mdogo ukibaki katika kidole siku tatu, kidole huvimba na kutunga usaha. Ngozi ni ukuta wa nyumba. Tundu lisilozibika katika ukuta ni njia ya wadudu wa ugonjwa, usiku na mchana. Tena nyuma ya sikio si mbali na ubongo. Uchafu ukiingia hapo ni hatari ya kufa.

Hata leo wako wagonjwa wa moyo wenye pampu ndani ya kifua, ambazo waya wake hutokea tumboni kwenda kwenye betri wanazovaa kiunoni au begani. Pampu hizo zimeokoa maisha ya wengi. Lakini tundu lile la waya ni taabu yao ya kila siku. Lazima lisafishwe na kufungwa kitambaa safi, na mara kwa mara huingiwa na ugonjwa hata hivyo.

Basi ilitakiwa njia ya kuupitisha umeme kwenye ngozi nzima, isiyotobolewa. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa tangu siku za mababu zetu.

PETE YA BWANA FARADAY

Mjini London aliishi Bwana Michael Faraday, mwana wa mhunzi. Hakusoma shule nyingi. Ujanani alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, na vitabu alivyovijalidi alivisoma. Agosti 29, 1831 alichukua pete nene ya chuma, akazungushia waya upande mmoja mara nyingi, na upande wa pili akazungushia waya mwingine. Nyaya hizo mbili hazikugusana. Waya wa kwanza akaufunga kwenye betri. Papo hapo sindano iliyokuwa karibu na waya wa pili ikacheza! Umeme ulikuwa umeonekana katika waya usiofungwa kwenye betri yoyote.

Akaona tena jambo la ajabu: sindano ilicheza pale tu alipofunga betri na alipoifungua. Umeme ulipotulia, sindano nayo ilitulia. Ndipo alipojua siri yenyewe. Umeme unaobadilika katika waya wa kwanza hufanya nguvu ya sumaku inayobadilika, na nguvu hiyo ikipita katika waya wa pili, huzaa umeme humo. Waya uliozungushwa namna hii mafundi huuita koili.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwalimu wetu wa sayansi alituonyesha jambo hili mezani. Aliweka koili moja iliyofungwa kwenye mashine ya umeme, na juu yake akashika koili nyingine yenye bulbu ndogo. Bulbu ikawaka. Akaingiza kitabu katikati; ikaendelea kuwaka. Akaweka mkono wake katikati. Ikawaka vile vile. Alipoinyanyua koili ya juu kidogo kidogo, mwanga ulififia, hata ukazimika. Siku ile nilicheka kwa kupendezwa, nikaandika yote katika daftari. Kumbe nilikuwa nimeandika jibu la swali la yule mama, nami sikulikumbuka siku lilipohitajiwa.

Maana ndani ya kile kisahani cha mtoto mna koili. Na chini ya ngozi, mkabala wake, mna koili ya pili. Kati yao ni ngozi na nywele tu, unene wa milimita chache. Sumaku ndogo katikati ya kila koili huvutana, ndiyo sababu kisahani hujishika pasipo gundi, tena hukaa sawasawa mahali pake.

PARIS NA STOCKHOLM

Wa kwanza kufanya jambo hili kwa sikio la mtu walikuwa Wafaransa wawili mjini Paris, Dakta André Djourno na mpasuaji Charles Eyriès. Februari 25, 1957 walimwekea mgonjwa mmoja kiziwi koili ndogo chini ya ngozi, yenye waya ufikao kwenye mshipa wa kusikia. Wakaipelekea umeme kwa koili ya nje. Mgonjwa akasikia! Hakusikia maneno kama sisi tusikiavyo, ila alitambua mdundo wa sauti, na baada ya mazoezi akatambua maneno machache. Baadaye chombo kikaharibika, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Mwaka uliofuata njia hiyo hiyo ilitumika kwa moyo. Huko Stockholm, nchi ya Uswidi, alikuwako mgonjwa jina lake Arne Larsson, mwenye miaka 43. Moyo wake ulikuwa ukisimama mara nyingi kwa siku, naye huzimia. Mkewe, Else-Marie, hakukata tamaa. Aliwaendea mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist, akawasihi wamtengenezee mumewe chombo cha kuusukuma moyo upige. Wakatengeneza kimoja, wakakimiminia utomvu mgumu ndani ya kikopo cha dawa ya viatu kilichotumika kama kalibu. Oktoba 8, 1958 wakakiweka mwilini mwa Larsson. Kilikuwa na betri ndogo ndani, na betri hiyo ilijazwa umeme kutoka nje kwa koili, kupitia ngozi.

Chombo cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu, wakamwekea cha pili. Hata hivyo Larsson aliishi mpaka mwaka 2001, akafa akiwa na miaka 86, baada ya kubadilishiwa vyombo zaidi ya 20. Mpasuaji wake na mhandisi wake wote wawili walitangulia kufa kabla yake.

Yafaa hapa tutenganishe mambo, wazee wasije wakaingiwa na hofu. Vyombo vya moyo vya siku hizi vina betri yao ndani, idumuyo miaka mingi, wala havihitaji kulishwa kila siku. Koili yao au mawimbi yao ni ya kuzungumza na daktari tu. Sikio ni habari nyingine. Sikio lina kazi kutwa, nalo hulishwa kutoka nje.

CHAKULA NA BARUA KATIKA KIKAPU KIMOJA

Umeme pekee hautoshi. Chombo cha ndani lazima kiambiwe: sasa amsha kituo cha tatu, sasa cha kumi, kwa nguvu kiasi hiki. Barua hiyo nayo hupitaje?

Fikirini mpiga ngoma wa mbiu. Mkono wake una nguvu, na kwa nguvu hiyo ngozi ya ngoma hutikisika. Lakini watu wa kijiji cha pili hawasikii nguvu tu. Husikia mpango wa mapigo na vituo, wakajua kama ni msiba au ni mkutano. Nguvu ni moja, na ujumbe umo ndani ya mpango wake. Ndivyo ilivyo kwa koili hizi mbili. Katika aina moja ya chombo iliyoenea sana, umeme wa koili ya nje hubadilika mara 5,000,000 kila sekunde. Ni jamii moja na mawimbi mafupi yatuleteayo habari za mbali katika redio. Mawimbi hayo hukatwa na kuachiwa upesi upesi. Kukatwa na kuachiwa huko ndiko barua. Na mawimbi yenyewe ndiyo chakula. Chombo cha ndani hupokea vyote viwili pamoja, hula na kusoma kwa wakati mmoja.

Kazi yote hufuatana hivi. Maikrofoni iliyo nyuma ya sikio husikia sauti. Mashine ndogo iliyo humo huichambua sauti, nyembamba mbali na nene mbali, na kuifanya kuwa amri. Koili ya nje hurusha amri pamoja na umeme. Koili ya ndani huvipokea, na vituo vya madini huuamsha mshipa. Yote haya hutendeka kabla mtu hajamaliza kutamka neno.

Tena chombo cha ndani huweza kujibu. Siku ya kwenda hospitali, mtaalamu hukiuliza kwa njia ya koili hizo hizo: vituo vyako ni vizima? Mshipa unaitika? Nacho hurudisha habari kupitia ngozi, mtoto akiwa ameketi anachezea mwanasesere wake. Hapana haja ya kumpasua ili kujua hali ya ndani.

MPAKA WA KAZI HII

Msidhani kwamba njia hii haina mipaka. Umbali ni adui yake wa kwanza. Kisahani kikisogea pembeni kidogo tu, au nywele zikisokotwa nene mno mahali pale, sauti hukatika. Joto ni adui wa pili. Ukilazimisha umeme mwingi mno upite, mwili na chombo hupata joto, na nyama ya mwili haivumilii joto kubwa.

Sikio lina bahati, maana chakula chake ni kidogo mno. Umeme wa wati moja tu ungetosha kuyalisha masikio ya namna hii zaidi ya kumi. Moyo wa mashine hutaka umeme mara mamia kuliko huo. Hata hivyo Julai 2, 2001, mjini Louisville huko Marekani, Bwana Robert Tools aliwekewa moyo mzima wa mashine, wenye kupata umeme wake kwa koili kupitia ngozi, pasipo waya wowote kutokea nje. Ndani mlikuwa na betri ya akiba ya kumtosha kama nusu saa. Aliishi nao mpaka Novemba 30 mwaka huo huo. Mpaka leo mafundi wanaendelea kuitafuta njia ya kuziondolea pampu za moyo waya ule wa tumboni, na joto pamoja na umbali ndivyo vinavyowashinda.

MASWALI YA MAJIRANI

Nilipozungumza na watu wa kigango kile, nilisikia maneno mengi. Nitajibu machache.

Je, chombo hiki huita radi? Hapana. Kipande kidogo cha madini kichwani hakiivuti radi. Mtoto huyu ajikinge kama sisi sote: mvua ya radi ikija asisimame chini ya mti wala uwanjani, aingie nyumbani.

Je, watu wa mbali huweza kusikiliza mambo ya nyumbani kwetu kwa koili ile? Hapana. Koili ile nguvu yake ni ya milimita chache. Ukikivua kisahani na kukishika kiganjani mwako, hata chombo cha ndani chenyewe hakikipati tena.

Je, kisahani kikivuliwa, mtoto hupata maumivu? Hapana. Husikia kimya tu. Wakati wa kulala na kuoga hukivua, na asubuhi hukivaa.

Je, kila kiziwi hufaa kupasuliwa? Hapana. Wengine shida yao ni nta au usaha wa sikio, wengine hutoshwa na chombo cha kuzidisha sauti kisichohitaji kupasuliwa. Na ambao mshipa wao wa kusikia haupo, hakuna cha kuamsha. Lazima wapimwe kwanza. Tena lugha ya alama ni lugha kamili. Mtoto aifahamuye hakukosa akili wala heshima. Haifai kumwita "bubu" na kumweka nyuma ya darasa, kama wengi tulivyozoea.

Je, ni lazima kwenda Ulaya? Si lazima tena. Kwa mfano, huko Dar es Salaam Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017. Lakini gharama yake ni kubwa sana, nayo haishi siku ya kupasuliwa. Betri huchoka, waya wa kisahani hukatika, mashine ya nje huchakaa. Wachangao fedha wasichangie siku moja tu kama ya harusi. Waweke akiba ya miaka.

WAJIBU WA WALIO NJE

Yule bibi mtaalamu aliniagiza mambo ya kuwaambia wazazi, nami nayaandika hapa kama nilivyoyapokea.

Mtoto avae chombo tangu anapoamka mpaka anapolala. Ubongo wa mtoto mdogo hujifunza lugha kwa kuisikia kutwa nzima, si kwa saa moja ya wageni. Miaka ya mwanzo ndiyo ya thamani kubwa. Ikipita, hairudi na faida yake.

Pawe na betri za kutosha, moja ikiwa kazini na nyingine ikijazwa. Pasipo umeme wa waya, umeme wa jua hufaa.

Kisahani kifungwe kwa kamba nyembamba au kipini kwenye nguo ya mtoto, kikianguka kisifike chini. Usiku kiwekwe mahali pakavu, maana jasho na unyevu huviharibu vyombo hivi.

Mtoto apate chanjo zote, hasa ya kukinga homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa wenye chombo hiki wana hatari zaidi ya ugonjwa huo. Akipata homa kali pamoja na shingo kukakamaa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na popote atakapotibiwa, wazazi watangulize kusema: ndani ya kichwa chake mna sumaku na koili. Ziko mashine kubwa za kupiga picha za mwili kwa nguvu ya sumaku. Haifai kumwingiza humo kabla wataalamu hawajajua aina ya chombo chake.

Niliporudi kutoka mjini sikungoja Jumapili. Nilipanda baiskeli mpaka nyumbani kwa yule mama, nikamwambia mbele ya mumewe kwamba shauri langu lilikuwa baya, nikaomba radhi. Hakunitukana. Aliingia ndani, akatoka na sanduku, akafungua nguo alizokifungia. Betri ilikuwa imekufa. Mume wake akaenda nayo dukani penye umeme wa jua. Juma lililofuata walikwenda hospitali, mtaalamu akakipima chombo cha ndani kwa njia ya koili, akakikuta kizima. Akapanga sauti upya kuanzia ndogo, maana mtoto alilia aliposikia tena kelele za dunia.

Neno la kwanza kurudi lilikuwa "kuku", katika juma la pili. Leo anasema sentensi fupi, na mwalimu amemweka dawati la mbele. Yu nyuma ya wenzake kidogo, na miezi ile minne hakuna awezaye kumrudishia. Kamba ya kisahani chake mama aliisuka mwenyewe kwa uzi mwekundu, na kila jioni baba huipeleka betri ya pili kujazwa.

Basi wazazi, na ninyi walimu na makatekista, mkimwona mtoto mwenye kisahani kichwani, msikifungie, msikicheke, wala msiwaache watoto wakivute. Na mkiulizwa jambo msilolijua, semeni "sijui," kisha mkaulize.